Soli za Bangi Mbichi

Haya niliyasikia kwa Tikmi mwenyewe, majira ya baridi ya mwaka ule theluji ilipowahi ikayakuta mahindi bado yako juu ya mapaa. Tulikaa juani kwenye roshani yangu, yeye akimenya mabua ya bangi, mimi nikimshikia ncha. Alisimulia polepole, na mikono yake haikusimama hata pale ambapo yangu ilisimama.

Nyumba yao ndiyo iliyokuwa ikisuka pula, vile viatu vya nyuzi za bangi, kwa ajili ya watu wanaombeba Devta, mungu wa bonde letu. Ngozi haimkaribii Devta. Mwenye mkanda wa ngozi huuvua nje ya ua wake, na wabebaji huvaa pula mpya kila mwaka siku ya kumshusha bondeni kwenye sikukuu kubwa. Alisuka babu, akasuka baba, kazi ikamfikia Dhanni, mama mkwe wake Tikmi. Soli ya Dhanni ilikuwa nene kama mkate wa mahindi, ngumu kama ubao. Juu yake alifuma kwa sufu ya mbuzi, nyekundu kwa nyeusi, ua lenye macho manne. Mtu akilikuta ua hilo hata mguuni kwa mgeni ng'ambo ya mlima, husema, hiki kimetoka kwa Dhanni.

Malipo ya kazi hiyo yalikuwa shamba, lile la ngazi lililo chini ya hekalu. Ni la Devta, lakini anayemvisha ndiye anayelilima. Humo ndimo walimopata ngano yao na maharage yao, maana shamba lao wenyewe lilikuwa la mawe matupu, halioti kitu ila bangi na upupu. Mwaka ambao pula zitakosekana, shamba linarudi kwa mwenyewe. Hilo halikuandikwa popote. Kila mtu alilijua kama anavyojua njia ya kisimani.

Sasa Dhanni vidole vilikwisha kupinda kwa baridi, vimekaa kama tangawizi. Kazi ikashuka kwa Tikmi. Lakini ugwe wa soli hausokotwi na mtu mmoja. Mmoja hukaza ncha, mwingine husokota. Basi Dhanni alikuwa akishika ncha, mchana kutwa, wawili wale wakitazamana katikati ya ugwe. Tikmi alikuwa na miaka tisa katika nyumba ile bila mtoto, na kwenye ugwe ule aliyasikia mengi.

"Mbuzi wa Chinti kazaa tena," Dhanni alikuwa akisema. "Mapacha."

"Nimesikia, Mama."

"Nasema tu."

Mwaka huo akiba ya nyuzi haikuwepo. Jhabe, mume wa Tikmi, aliziuza zote kwa mfanyabiashara wa mikoba ya watalii, akanunua mabati, kwa sababu paa lilikuwa linavuja juu ya ng'ombe na juu yao pia. "Bangi dume hukomaa kabla ya sikukuu," alisema. "Mtaing'oa, mtailoweka, mtasuka. Shida iko wapi?" Hakuna aliyeiona shida. Akashuka bonde la chini kubeba makasha ya matofaa, na alipoondoka Tikmi alikuwa na siri tumboni, ambayo aliitaka ikue kidogo kabla ya kuipa jina. Kwa Dhanni haikufichika. Mama mkwe alianza kumwekea siagi kwenye mkate bila kusema neno, na mbuzi wa Chinti wakaacha kutajwa.

*

Watu wa serikali walipanda mlimani mwezi wa mvua kubwa, kuja kufyeka bangi, wamevaa makoti ya plastiki, mikononi wana miundu. Walianzia mashamba ya juu. Kardar, msimamizi wa mali ya Devta, mzee aitwaye Tape Ram, aliwatangulia na mwavuli. Alikuwa amewaandalia chai.

Tikmi aliwakuta wameshaingia shambani kwake. Bangi ilikuwa imempita kimo, dume ndiyo kwanza inachanua, vumbi lake la manjano limelowa kwa mvua. Ilianguka kwa sauti ya maji.

"Afande," alimwambia mkubwa wao, "hii si ya moshi. Hii ni ya viatu vya Devta. Tuachie upande huu mmoja tu, mpaka ikomae."

Afande alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na soksi zimemlowa. "Viatu," alisema. "Mama, kila tunakopanda, nyumba zote zinasuka viatu. Bonde zima lina miguu mingapi?"

Wenzake wakacheka. Tikmi akamgeukia Kardar.

"Mzee, waambie."

Kardar alitazama ncha ya mwavuli wake. "Nimewaambia, binti. Wameagizwa. Si unajua mwaka jana kijiji cha jirani walibishana, wakaondoka na vijana wawili." Kisha akashusha sauti. "Utajua la kufanya. Nyumba yenu haijawahi kushindwa."

Walipomaliza waliiacha imelala, kijani kitupu, wakaenda kunywa chai. Mmoja alichuma ua la bangi akalichomeka kofiani.

Dhanni alikuwa amesimama kizingitini mwa nyumba, ngazi nyingi juu ya shamba. Tikmi alipofika alimwambia, "Imekatwa mbichi, Mama. Nyuzi zake zitakuwa ute."

"Ikiachwa hapo mpaka kesho?"

"Itaoza."

"Basi ipandishe."

*

Bangi mbichi ni nzito kuliko mtu anavyodhani. Mabua yaliyokomaa na kukauka, msichana huyabeba akiimba. Yale yalikuwa yamejaa maji, ndani na nje. Tikmi aliyafunga mzigo baada ya mzigo, kamba kipajini, akayapandisha kwenye dimbwi la kulowekea lililo nyuma ya zizi. Dhanni alitaka kusaidia, akateleza kwenye jiwe la kwanza, Tikmi akamwambia akae. Njia ilikuwa tope. Jioni ile hakula. Siku ya pili aliendelea, na mzigo wa mwisho aliuvuta kama maiti ya mnyama.

Ilimpata zizini, chini ya nyumba, alipoingia kumpa ng'ombe majani. Kwetu mwanamke akiwa katika siku zake halali juu na wenzake. Hushuka kwa ng'ombe, hagusi jiko wala kitu cha Devta mpaka aoge. Kwa hiyo palikuwa mahali pake kwa namna fulani. Alishika nguzo. Hakupiga kelele. Ng'ombe aligeuza kichwa akamtazama, akarudi kwenye majani yake.

Dhanni alimkuta amekaa juu ya blanketi lililolowa. Mama yule alikuwa mkali wa usafi kuliko makuhani. Miaka tisa alikuwa akihesabu siku za Tikmi kuliko Tikmi mwenyewe. Alikuwa akimsukumia mkate kwa kijiti asimguse. Siku ile aliinama, akamshika uso kwa viganja vyote viwili.

"Imetoka?"

"Imetoka, Mama."

Dhanni alichukua jembe dogo, akaenda nyuma, penye upupu, akachimba mwenyewe kwa vidole vyake vile vilivyopinda. Alikawia. Aliporudi mikono ilikuwa imevimba kwa upupu, na uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango.

"Sikiliza," alisema. "Mimba ikitoka nyumba nzima imefungwa. Unajua. Hatugusi kitu cha Devta mpaka kuhani apande atusafishe, na kabla ya hapo sikukuu itakuwa imepita. Pula hazitakuwepo. Shamba litakwenda."

Tikmi alijivuta akaegemea nguzo. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umeshikwa na tumbo. Umekula uyoga mbaya. Oga, upande juu, uanze kumenya."

"Leo, Mama?"

"Kesho. Leo lala hapa. Mtu akiuliza, ni uyoga."

"Na Jhabe?"

Dhanni alifikiri. "Jhabe ni mbebaji wa Devta. Akijua hatabeba. Asipobeba watauliza kwa nini."

*

Kesho yake mvua haikuacha. Tikmi alilipeleka blanketi kisimani mapema, akitumaini hatakuta mtu. Alimkuta Chinti, mke wa msemaji wa Devta, anachota maji, amejifunika gunia. Huyo msemaji ndiye ambaye Devta humwingia akasema kwa kinywa chake. Siku nyingine ni mshona nguo tu.

"Dada yangu," alisema Chinti, "unafua ili mvua ikaushe?"

"Ng'ombe kalikojolea."

"Ng'ombe wenu siku hizi analala kitandani? Hayo mabati mapya yamemlevya." Akacheka, Tikmi naye akacheka. Chinti alitwika ndoo, akaondoka. Penye kona aligeuka akalitazama tena blanketi, kisha akaenda zake.

Tikmi na Dhanni wakafanya kazi. Mabua hayakukaa majini inavyotakiwa, maana siku hazikutosha. Gome halikutaka kuachia. Lilitoka vipande vipande, kijani, linateleza kama kamasi. Nyuzi za bangi iliyokomaa ni nyeupe, zinalia mkononi ukizivuta. Hizi zilinyamaza. Tikmi alizianika juu ya jiko, zikakauka nje, ndani zikabaki na unyevu. Alizisokota kwa kukaza mara mbili, akashona soli mara mbili, vidole vikapasuka. Dhanni alishika ncha.

"Hazitastahimili maji," alisema Tikmi.

"Siku ya sikukuu hakunyeshi."

"Zikilowa zitavimba, Mama, halafu zitafumuka."

"Kaza."

Maziwa yalikuwa yakimtoka, machache, yakilowesha nguo, mwili ukiwa haujapata habari. Alijifunga kitambaa. Kwenye ugwe ule wawili wale walitazamana mchana kutwa, wala halikutajwa la mbuzi, wala la mtoto, wala la siagi, ambayo ilikuwa imerudi kwenye chupa yake.

Ua la macho manne ndilo lililomtuliza. Sufu ilikuwa ya zamani, nzuri, iliyotiwa rangi na Dhanni enzi za vidole vyake. Katika kufuma Tikmi alisahau. Jicho la kwanza, jicho la pili, mstari mweusi, rudi. Alipomaliza jozi ya mwisho aliziweka zote dirishani, zikapendeza, zikamtia hofu kwa kupendeza kwake. Ungezitazama usingejua kilichomo.

Aliibakiza jozi ya Jhabe, nyingine akazipeleka mwenyewe kwa Kardar. Mzee alizipokea kwa viganja viwili, akazigusisha kipajini, akakunja soli moja kuipima.

"Nyepesi."

"Ni bangi mbichi, mzee. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Nyuma yake, chini ya benchi, palikuwa na kasha la karatasi ngumu kutoka mjini. Kifuniko kilikuwa wazi. Ndani yake kulikuwa na viatu vya turubai, vya buluu, soli za mpira, jozi kwa jozi. Kardar aliona macho yake yalipokwenda. "Ni za akiba," alisema. "Mtu hujiandaa. Vijana wenyewe wanalalamika, pula zinateleza, pula za kizamani. Hizi hazina ngozi, nimeuliza."

"Na shamba?"

"Pula zipo, shamba lipo. Nenda nyumbani."

Hakumpa hata kikombe cha chai. Katika nyumba ile, mleta pula alikuwa akipewa chai na sukari guru tangu siku za babu.

*

Jhabe alipanda kutoka kwenye matofaa usiku wa kuamkia sikukuu, mabega yamechubuka, amefurahi. Alimletea mkewe bangili za plastiki na kumwambia amekonda. "Uyoga," alisema Dhanni kutoka jikoni. Asubuhi akavaa pula zake, akakanyagakanyaga sakafuni. "Laini," alisema. "Umezifanya za bwana harusi."

Anga ilikuwa safi. Devta alitoka kwa tarumbeta na ngoma, kiti chake kimefunikwa hariri na nyuso za fedha, miti yake mabegani mwa wabebaji, Jhabe mbele upande wa bonde. Kijiji chote kilifuata. Njia ilikuwa kavu mpaka kijitoni. Hapo panavukwa kwa miguu, maji yanafika kifundoni, ni hatua chache tu. Tikmi alikuwa nyuma na wanawake. Aliangalia miguu, si uso wa Devta.

Walivuka. Walianza kupanda upande wa pili. Aliona soli ya Jhabe imejaa kama mkate ulioloweshwa kwenye chai, akaona ugwe unachomoka kisiginoni, unamfuata nyuma kama mkia. Mbebaji wa pili akaukanyaga. Jhabe akaenda chini kwa goti, kiti kikayumba, uso mmoja wa fedha ukagonga jiwe. Tarumbeta zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Wakamweka Devta juu ya kilima. Msemaji wake alikuwa ameshaanza kutetemeka, kofia imedondoka, nywele zimefunguka. Alizunguka mara kadhaa. Kisha akasema kwa ile sauti isiyo yake: "Nani amenivisha damu?"

Watu wakakaa chini. Kardar akasimama. "Nyumba iliyosuka ijibu."

Jhabe alikuwa bado amepiga goti, mguu mmoja una kiatu, mwingine una matambara. "Nyumba yangu ni safi," alisema. Alisema kwa sauti kubwa, bila wasiwasi, kama mtu anayetaja jina lake.

"Muulize mkeo," alisema Chinti kutoka kwa wanawake, wala hakusema kwa ubaya, "ni nani hufua blanketi siku ya mvua."

Jhabe aligeuka. Hakumtazama mkewe; alimtazama mama yake. Na wote wakamtazama Dhanni, mwanamke ambaye hakuna aliyemshinda kwa usafi bonde zima.

Dhanni alisimama kwa fimbo. "Mimi mzee," alisema. "Macho yangu hayaoni, vidole vyangu mnaviona. Kama lilimpata jambo, alinificha."

Tikmi aliniambia kwamba wakati ule aliviona vidole vile vikichimba penye upupu, akaviona pia vimeshika fimbo, na hakujua ni vipi vya kweli. Alisimama akavuta ushungi.

"Ni kweli," alisema. "Nilimficha."

Jhabe akaketi kabisa, chini, kama mtu aliyekatwa.

"Lakini kilichofumua soli si hicho," Tikmi aliendelea. "Nyuzi zilikuwa mbichi. Bangi ilikatwa kabla ya kukomaa. Kardar alikuwepo. Mzifumue mwone, ndani ni kijani."

"Nani amekuuliza habari za nyuzi?" alisema Kardar.

Hakuna aliyefumua. Shauri halikuchukua muda. Shamba lirudi kwa Devta. Nyumba itoe beberu. Mwanamke akae chini kwa ng'ombe mpaka sikukuu iishe na kuhani apande. Mtu akatumwa mbio kijijini, akarudi na lile kasha. Wabebaji wakavaa viatu vya buluu pale pale kilimani, wakafunga kamba zake kwa shida maana hawakuzizoea, mwingine akachukua nafasi ya Jhabe, na Devta akashuka bondeni. Pula ziliachwa njiani. Macho manne yalitazama juu.

*

Jhabe alimsindikiza mkewe mpaka mlangoni mwa zizi, akakaa nje, hakuingia.

"Ilikuwa ya miezi mingapi?"

"Minne."

"Na asubuhi uliponipa nivae, ulijua."

"Nilijua."

Alikuwa bado na ule ugwe mkononi, ameuviringa kidoleni. "Ungeniambia," alisema, "ningekwenda pekupeku. Babu aliwahi kwenda pekupeku." Kisha akasema, "Ningekwenda pekupeku, Tikmi," kana kwamba mara ya kwanza hakusikika. Aliuweka ugwe kizingitini, akachukua blanketi lake, akashuka njia ya matofaa. Lori la makasha lilikuwa linaondoka jioni ile. Hakusema atarudi lini, wala hakusema hatarudi.

Tikmi aliwasha moto mdogo. Kwenye kona kulikuwa na nyuzi zilizobaki, vipande vifupi vibaya. Kitu kilichoguswa zizini wakati kama ule hakifai tena kwa mtu wala kwa Devta, kinafaa kamba ya ng'ombe tu. Akaanza kusokota.

Dhanni alishuka ngazi na mkate juu ya sahani. Hakuusukuma kwa kijiti. Aliuweka karibu na goti la Tikmi, kisha akasimama hapo, kwenye samadi, mahali ambapo hakukanyaga tangu siku za ujana wake zilipokwisha, ukiacha ile siku moja.

"Ningesema nilijua," alisema, "wangetutoa kijijini sote. Jhabe pia. Asingebaki na jina."

Tikmi alisokota.

"Wewe utatoka safi baada ya sikukuu. Mimi nisingesafika."

"Nimeelewa, Mama."

"Umeelewa au unasema?"

"Mkate utapoa."

Ugwe ulikuwa umefika urefu ule unaohitaji mtu wa pili. Dhanni aliuona, mikono yake ilikuwa imeuona kabla yake. Alichuchumaa kwa taabu, magoti yakalia, akanyoosha viganja kupokea ncha.

Tikmi akaichukua ncha, akaifunga kwenye nguzo ya ng'ombe. Akavuta. Nguzo ilikaza vizuri.

Dhanni alikaa hivyo kwa muda, viganja wazi. Kisha akajisukuma kwa fimbo, akapanda. Tikmi alizisikia mbao zikilia juu yake, kutoka jikoni mpaka kitandani, zikalia tena, zikatulia.

Alisokota mpaka moto ukabaki majivu. Nyuzi zilikuwa mbichi, ziliteleza, zilikatika, aliziunga. Mwishowe kichwa kiliegemea ubavu wa ng'ombe, kwenye joto lake, na kidole bado kimezungushiwa ugwe. Ng'ombe alipohama kidogo, nguzo ikatikisika, ugwe ukavutika, na mkono wa Tikmi ukaenda nao, lakini yeye alikuwa ameshalala.